WAV, FLAC, ALAC au WavPack? Faili la kutunzia kanda za taarab na kasida

Umempelekea fundi kaseti za taarab ya harusi na kasida za madrasa, naye amekurudishia flashi. Ndani yake mna mafaili yenye mikia tofauti: .wav, .flac, .m4a, pengine .wv. Simu inalifungua hili na kulikataa lile, na fundi anakuuliza kaseti zilizobaki azitoe kwa faili la aina gani. Ulinganisho huu ni wa aliyekwama hapo.

Kwanza tuondoe nusu ya mabishano. Aina zote nne, yaani WAV, FLAC, ALAC (mkia .m4a) na WavPack (mkia .wv), hutoa sauti ile ile, namba kwa namba. Chukua WAV uigeuze FLAC, uigeuze tena ALAC, kisha uirudishe kuwa WAV: mradi hukubadilisha biti (upana wa kila kipimo cha sauti) wala kilohezi (maelfu ya vipimo kwa sekunde) njiani, hakuna sampuli, yaani kipimo, hata moja itakayopotea. Ni kama khanga iliyokunjwa. Ukiikunjua, pindo ipo, mji upo na jina lipo. MP3, AAC na sauti za WhatsApp ni khanga iliyokatwa pindo ili iingie kwenye pochi. Ukiikunjua utapata kitambaa, lakini pindo hairudi. Kwa taarab hasara hiyo hujitokeza mapema: mdonoo wa nyuzi za kanuni hutanguliwa na ukungu mdogo wa sauti, na vibati vya rika (tari ndogo) hugeuka mchele unaomwagika. Ndiyo maana hapa tunazungumzia mafaili yasiyopunjwa tu.

Kwa hiyo usichague kwa sikio. Chagua kwa kuangalia nani atalifungua faili, kwa kifaa gani, na litakaa wapi miaka ishirini ijayo.

Tunapima kwa nini

Vigezo ni vitano, na kila aina itapita humo humo: ukubwa, kufungua, yaani simu, kompyuta na redio za gari zinalipokeaje, majina, yaani kama faili linabeba jina la mwimbaji, la wimbo na picha bila kuyaangusha njiani, usalama, yaani kama linaweza kukwambia kuwa limeharibika, na nani linamfaa.

Hizi ndizo namba za msingi. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili (kushoto na kulia). Dakika moja ni MB 10.6, saa moja MB 635. Kwa kutoa kaseti, IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinashauri usishuke chini ya kilohezi 48 na biti 24. Hapo dakika moja ni MB 17.3, na kaseti ya dakika 90 ni GB 1.56. Kwa kilohezi 96 kaseti hiyo hiyo inafika GB 3.1. Kilohezi 192 kwa kaseti ni kujaza diski tu. Utepe wenyewe hauna kitu huko juu cha kukupa.

WAV

*Ukubwa.* Hakuna kilichokunjwa. Namba za hapo juu ndizo zake. WAV ilitolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na ukubwa wa faili huandikwa ndani yake kwa biti 32, kwa hiyo halivuki GB 4. Kwa biti 24 na kilohezi 48 hiyo ni saa 4 na dakika 8. Kwa kilohezi 96 ni saa 2 na dakika 4 tu, na taarab ya usiku inapita hapo bila shida. Ndiyo sababu vinasa sauti vingi vya mkononi hukata faili vipande vipande. Vipande hivyo ni sauti moja inayoendelea. Usifute cha pili ukidhani ni nakala.

*Kufungua.* Hapa haina mpinzani. Windows, Mac, Android, iPhone na takriban kila programu ya kuhariri huifungua bila kuongeza chochote. Redio za gari zenye tundu la USB nyingi huisoma pia, ila mara nyingi kwa biti 16 tu. Ya biti 24 hukaa kimya au hutoa mkwaruzo.

*Majina.* Dhaifu. Nafasi ya kuandika jina la mwimbaji ipo, lakini kila programu huandika pake, na nyengine haisomi palipoandikwa na mwenzake. Weka habari kwenye jina la faili lenyewe: `kanda017_A_kasida_Wete.wav`.

*Usalama.* Kuna matatizo mawili, na yote mawili tunayajua hapa visiwani.

La kwanza ni umeme kukatika wakati wa kunasa. WAV huandika urefu wake mwanzoni mwa faili, na kazi hiyo humalizika pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, faili linabaki na GB nzima ya sauti huku likionesha sekunde 0. Usilifute. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua File, kisha Import, kisha Raw Data. Weka Signed 24-bit PCM (au 16, kulingana na ulivyonasa), Little-endian, njia mbili, kilohezi zile zile ulizonasia, na mwanzo uruke baiti 44. Ukisikia ngurumo badala ya muziki, biti si zile au hesabu ya baiti imepishana: ongeza baiti moja moja, 45, 46, hadi 49. Sauti ikiburura kama kanda yenye betri mbovu, kilohezi ulizoweka ni chache kuliko zilizonaswa.

La pili ni flashi feki. Zipo zinazojiandika GB 64 na ndani ni GB 8. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, majina yanaonekana, lakini kilichoandikwa baada ya GB 8 hakipo. WAV haina njia ya kukwambia hilo; utalijua siku ya kusikiliza. Pima flashi mpya kwa H2testw, programu ya kupimia flashi, kabla ya kuiamini kanda ya mtu.

*Inamfaa* fundi aliye kazini, studio, na yeyote anayepeleka sauti redioni au kwa mhariri asiyemjua. AIFF, ambayo Apple iliileta mwaka 1988, ihesabu kuwa ndugu yake: ukubwa ule ule, ila zaidi utaikuta kwa watu wa Mac.

FLAC

*Ukubwa.* Kwa muziki wa kawaida wa CD hubaki kati ya nusu na asilimia 70 ya WAV. Lakini usimlaumu fundi kama kaseti zako hazikupungua kiasi hicho. Mvumo wa utepe hauna mpangilio, na kisicho na mpangilio hakikunjiki. Ukinasa kaseti kwa biti 24, biti 8 za chini karibu zote ni mvumo, kwa hiyo theluthi ya faili haipungui hata kidogo. Ngazi za kukunja ni 0 hadi 8, na 5 ndiyo ya kawaida. Kupanda hadi 8 huokoa asilimia chache, huchukua muda zaidi wakati wa kukunja, na sauti haibadiliki.

*Kufungua.* Android huifungua tangu toleo la 3.1, Windows tangu 10. Kwenye iPhone, tangu iOS 11 mwaka 2017, utaisikiliza ndani ya programu ya Files, lakini programu ya Music haiipokei. Hapo ndipo wengi hudhani faili ni bovu. Weka VLC au foobar2000, programu za kusikilizia, na shida inakwisha. Redio za gari ni bahati: mpya nyingi husoma, za zamani hazisomi.

*Majina.* Mazuri sana. Mwimbaji, mtunzi, mwaka, maelezo marefu, picha ya jalada, vyote hukaa ndani na husomwa vile vile kila mahali. Kwa kasida unaweza kuandika jina la madrasa na la ustadhi, na habari hiyo haitaachana na sauti.

*Usalama.* Hili ndilo linaloitenga na wenzake. Kila faili la FLAC hubeba alama ya hesabu, MD5, ya sauti yote kabla haijakunjwa. Ukiweka programu ya flac kwenye kompyuta na kuandika kwenye dirisha la amri (terminal)

`flac -t kanda017_A.flac`

programu hukunjua faili zima, hupiga hesabu upya na kulinganisha. Baiti moja ya sauti ikiwa imegeuka, utaambiwa. Flashi feki hujulikana papo hapo. Tena faili limekatwa vipande vidogo vinavyojikagua kila kimoja, hivyo palipoharibika panaweza kurukwa na wimbo ukaendelea.

Kukunja kwa uhakika ni hivi:

`flac -8 -V kanda017_A.wav`

Hiyo `-V` huikunjua na kuilinganisha kazi inapoendelea. WAV ya mwanzo inabaki. Ifute baada ya kupima, si kabla. Kama kinasa sauti kiliandika tarehe na alama zake ndani ya WAV, ongeza `--keep-foreign-metadata`, la sivyo zitaachwa nje. Ukitumia Audacity, angalia sehemu ya biti wakati wa kutoa faili: kwa kawaida FLAC yake imewekwa 16, na ukiharakisha utakuwa umepunguza kanda uliyoinasa kwa 24 bila kujua.

Udhaifu wake ni mmoja: haibebi sauti ya biti 32 ya desimali (32-bit float), ile inayotolewa na vinasa sauti vipya visivyopasuka hata mpiga dumbaki akizidisha. Ukiilazimisha kuwa FLAC, kilichopita kiwango cha juu kinakatwa.

*Inamfaa* mwenye kuhifadhi. Josh Coalson alianza kuiandika mwaka 2000, Xiph.Org ikaichukua mwaka 2003, na Desemba 2024 maelezo yake kamili yalitoka kama RFC 9639, moja ya hati za viwango vya intaneti. Hati hiyo iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo hata programu za leo zikifa, wajukuu wanaweza kumpa mtu hati akaandika programu nyengine ya kuifungua.

ALAC

*Ukubwa.* Karibu sawa na FLAC, pengine juu kidogo.

*Kufungua.* Apple iliitoa mwaka 2004 na kuiachia huru mwaka 2011. Kwenye iPhone, iPad na Mac inakaa nyumbani kwake: ndani ya Music, pamoja na jalada, na inasawazishwa kutoka kompyuta kama nyimbo nyengine. Windows 10 huifungua. Kwenye Android usiitegemee programu iliyokuja na simu, weka VLC.

*Majina.* Mazuri, hayapungui FLAC kwa matumizi ya kawaida.

*Usalama.* Haina alama ya MD5 ya sauti ndani yake, kwa hiyo uzima wake huujui kwa amri moja. Na kuna mtego wa mkia: ALAC na AAC zote huitwa .m4a, lakini AAC imepunjwa. Zitofautishe kwa uzito. Wimbo wa dakika 5 wa AAC ya kilobiti 256 ni kama MB 10. Wa ALAC kwa ubora wa CD mara nyingi ni MB 25 hadi 37. Kwa uhakika zaidi fungua VLC kwenye kompyuta, ingia Tools, kisha Codec Information, uone kama imeandikwa ALAC au AAC.

Kugeuza kutoka FLAC kwa ffmpeg, programu ya kugeuzia mafaili, kwenye dirisha lile lile la amri:

`ffmpeg -i kanda017_A.flac -vn -c:a alac kanda017_A.m4a`

Hiyo `-vn` huiacha picha ya jalada nje. Bila hiyo ffmpeg hujaribu kuigeuza picha kuwa video, na mara nyingi kazi hukwama hapo. Na usisahau `-c:a alac`: ukiiacha, utapata AAC yenye mkia ule ule.

*Inamfaa* familia ambayo simu zake zote ni iPhone na haitaki kuongeza programu.

WavPack

*Ukubwa.* Jirani wa FLAC. *Kufungua:* VLC na foobar2000 ndiyo, programu za kawaida za simu na redio za gari hapana. *Majina:* yapo na yanafanya kazi vizuri. *Usalama:* hujikagua, na alama ya MD5 unaweza kuiomba wakati wa kukunja.

David Bryant aliianzisha mwaka 1998, na nguvu yake ni mahali FLAC inaposhindwa: hubeba biti 32 za desimali bila kukata kitu. Ina pia namna ya kutoa mafaili mawili, .wv dogo lililopunjwa na .wvc lenye mabaki yaliyotolewa. Yakikaa pamoja, sauti ni kamili. Hatari ni kwamba mtu akirusha nyimbo kwenye simu huchukua .wv, huiacha .wvc, halafu hufuta kompyuta. Kwa kanda za familia usitumie namna hiyo.

*Inamfaa* mwenye kinasa sauti cha biti 32 za desimali na kompyuta yake mwenyewe.

Mafaili ya .ape yanayokuja na nyimbo za zamani za Misri na India hayajapunjwa, lakini ni mazito kwa simu kuyakunjua na hula betri. Yageuze FLAC ukae raha. Kama limekuja faili moja refu pamoja na dogo la .cue (orodha ya mahali kila wimbo unapoanza), fungua hilo la .cue kwa foobar2000 na utaona nyimbo moja moja.

Je, ulilonalo ni kamili kweli?

Hapa ndipo watu huumia. Kugeuza MP3 kuwa FLAC kunawezekana, na matokeo yake ni faili kubwa lenye sauti ile ile iliyopunjwa. Fundi aliyenasa kaseti yako kwa MP3 kisha akaigeuza amekupa uzito, hakukupa sauti.

Tumia Spek, programu inayoonesha spektogramu (picha ya sauti, nyembamba juu, nzito chini), au fungua sura hiyo ndani ya Audacity. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida huishia kilohezi 16 (hapa kilohezi ni wembamba wa sauti, si idadi ya vipimo), na ukomo wake umenyooka kama uliokatwa kwa kisu, juu yake giza tupu. Kaseti halisi hufifia polepole, na mvumo wake hupanda hadi juu. Angalizo moja: wimbo ulionaswa kutoka redio ya FM huishia kilohezi 15 hata bila MP3, kwa sababu FM yenyewe haipeleki zaidi ya hapo, na mara nyengine utaona mstari mwembamba kwenye kilohezi 19. Huo ni ushahidi wa redio, usimtuhumu fundi.

Faili likikataa kufunguka, kabla ya kusema limeharibika, angalia herufi zake za mwanzo kwa programu ya kusomea maandishi. FLAC huanza na fLaC, WAV na RIFF, WavPack na wvpk; .m4a ina ftyp baada ya baiti nne. Faili linaloitwa .flac na kuanza na ID3 mara nyingi ni MP3 iliyobadilishwa jina. Kubadilisha mkia si kugeuza faili. Likiwa na herufi sahihi na bado linakatika katikati, lilinganishe na la mwanzo kwa idadi ya baiti. Huenda bando lilikatika kabla halijamaliza kushuka.

Kwa hali yako

*Una kasha la kaseti na unataka ziishi.* Nasa kwa biti 24, kilohezi 48, hariri kwa WAV, hifadhi kwa FLAC. Kaseti 100 za dakika 90 ni GB 156 za WAV, hivyo diski ya GB 500 inatosha kwa FLAC na kazi inayoendelea. Weka nakala mbili kwenye diski mbili za aina tofauti, na ya tatu kisiwa chengine: kama uko Mjini, ikae kwa ndugu Chake Chake. Kila mwaka zipime kwa `flac -t`.

*Wewe ni fundi au una studio.* WAV mezani. Mteja mpe FLAC na nakala ya MP3 ya kilobiti 320, na umwambie lipi la kutunza na lipi la kuchezea.

*Jamaa wako Muscat au London wanatumia iPhone.* Watengenezee ALAC kutoka FLAC zako. Wakiwa tayari kuweka VLC, FLAC yenyewe inatosha na unaepuka kutunza nakala mbili.

*Unatuma kwa WhatsApp.* Tuma kama hati, si kama sauti. Hati hupita hadi GB 2 bila kuguswa. Wimbo wa dakika 6 wa ubora wa CD ni MB 64 kwa WAV, na karibu MB 32 hadi 45 kwa FLAC; bando lako litaiona tofauti.

*Unasikiliza garini au kwa spika ya bluetooth.* Bluetooth hupunja sauti tena kabla ya kufika kwenye spika, na redio ya gari inataka flashi iliyopangiliwa kwa mfumo wa FAT32 na faili jepesi. MP3 ya kilobiti 320 inafaa kabisa, maadamu FLAC imebaki nyumbani.

*Umerekodi kikundi kwa kinasa sauti cha biti 32 za desimali.* WavPack kwa yale mafaili ghafi. Ukishapanga viwango, toa FLAC ya biti 24.

*Una santuri za mizunguko 78*, za zama ambazo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Zilinaswa kwa njia moja tu, lakini zitoe kwa njia mbili na uzihifadhi hivyo hivyo kwa FLAC, biti 24, kilohezi 96. Sindano husoma kuta mbili za mfereji, na mara nyingi ukuta mmoja umechakaa kuliko mwenzake. Sikiliza kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, na nakala ya kusikiliza uitoe kwenye ule ulio safi zaidi.